Kwaheri Bi Spea, Mchunguzi wa Ndege za Injini Mbili

Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi, Mchunguzi Mkuu wetu wa ajali za ndege ndogo anastaafu. Wengi mnaosoma jarida hili mnamfahamu kwa jina la Bi Spea. Naomba radhi mapema kwamba jina lake la kwenye hati ya mshahara sitalitumia. Nililitumia katika rasimu ya kwanza, mhariri akaniuliza huyo ni nani na kwa nini tunamuaga mtu tusiyemjua.

Jina la Spea amejitafutia mwenyewe. Katika semina ya marubani wachanga, alipanda jukwaani, akakohoa, akasema, “Injini ya pili si tairi la spea,” kisha akashuka akaenda kunywa chai. Waliobaki ukumbini walitazamana. Ilibidi afuatwe na kuombwa afafanue. Alirudi na kikombe mkononi akaeleza kwamba gari likipata pancha unasimama pembeni, unafungua buti, unabadilisha. Ndege ya injini mbili ikipoteza moja, hakuna pembeni pa kusimama. Na ile injini nzima, ambayo watu wanadhani itawaokoa, inaanza kuisukuma ndege upande mmoja. Rubani mwenye mwendo wa kutosha anaizuia kwa mguu, kwa kukanyaga pedali ya usukani wa mkia. Asiye na mwendo, ndege inampindua chali, na hapo ndipo sisi tunaitwa.

Kwa tusioelewa fizikia alikuwa na somo la kiti. Unakalishwa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, wenzako wawili wanakusukuma kwa nyuma, kila mmoja upande wake, mpaka kiti kishike kasi kwenye korido. Kisha Bi Spea anapiga ukelele, “Kushoto, acha!” Wa kushoto anaachia, wa kulia anazidi kusukuma, na wewe unazunguka kama pia. Mhasibu wetu aliishia kifua mbele juu ya mashine ya kutolea nakala, nayo ikatoa kurasa kadhaa za tai yake kabla hatujaizima. Tulicheka mpaka mkurugenzi akatoka ofisini kwake kutugombeza, na alipoelezwa kinachoendelea, akavua koti akaomba naye akalishwe kitini. Ukimuuliza leo mfanyakazi yeyote wa jengo hili, hata wa mapokezi, ndege hugeukia wapi injini ikifa, atakujibu bila kufikiri: hugeukia kwenye injini iliyokufa. Na wengine watakuonyesha na goti walilochubua kwenye somo lile.

Alianza kazi akiwa fundi wa injini, mwanamke pekee katika karakana ambayo haikuwa hata na choo cha wanawake. Ndege ndogo ya injini mbili ilianguka si mbali na hapo, rubani na abiria wake wanne wakafariki. Mtaani wote walisema injini zilikuwa mbovu. Yeye alizifungua zote mbili mezani na kukuta iliyoharibika ni moja tu. Nyingine ilikuwa nzima kabisa, ila ilizimwa. Katika zile sekunde chache za mshtuko, rubani alikuwa amezima injini iliyokuwa ikimbeba.

Jambo hilo halijamtoka moyoni hadi leo. Ndilo lililomhamisha kutoka kwenye spana kwenda kwenye uchunguzi, na ndilo lililomfanya awe anakwenda mwenyewe kwa familia za marehemu kabla ripoti haijachapishwa. Hakuwahi kuwadanganya wala kuwazungusha kwa maneno magumu. Aliwaeleza kilichotokea, akajibu maswali mpaka yakaisha, na chai aliyopewa aliimaliza hata kama ni ya nne kwa siku hiyo. Mimi niliyekuwa nikifuatana naye nilikuwa natoka kule nimelia kuliko wafiwa, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nasemwa. “Umewapa kazi ya kukubembeleza,” alikuwa akiniambia, kisha ananipa leso.

Tusije tukadhani miaka yote ilikuwa ya huzuni. Alipogundua kwamba ndege moja iliua watu kwa sababu ilipakiwa kupita kiasi, alidai kila kiwanja kidogo kiwe na mizani, na kila abiria apimwe pamoja na mizigo yake. Mheshimiwa mmoja mwenye mwili wa heshima alikataa katakata kupimwa mbele za watu. Bi Spea hakubishana naye. Alipanda yeye mwenyewe kwenye mizani, akausoma uzito wake kwa sauti ya kusikika hadi kwenye maegesho, akaongeza kwamba nusu yake ni ya tangu arusi ya dada yake. Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Mheshimiwa alipanda, akasoma wa kwake kwa sauti kubwa zaidi, na mifuko mitatu ya saruji ikateremshwa ndegeni bila ugomvi.

Ni yeye pia aliyefanya midomo ya mipira ya kujazia mafuta ibadilishwe umbo, baada ya ndege ya petroli kujazwa mafuta ya jeti, ikaruka vizuri na injini zote mbili zikanyamaza juu ya miti. Siku hizi mdomo wa mafuta ya jeti hauingii kwenye tangi la petroli hata ukiusukuma kwa nyundo. Najua kwa sababu aliniletea nyundo nijaribu. Tangu mabadiliko hayo hatujazika mtu kwa kosa hilo, na kama angekuwa ni mtu wa kujisifu, hapo angekuwa na haki.

Sasa nije kwenye lile ambalo jengo zima linasubiri niliseme, na ambalo mwenyewe alinikataza nisilitie humu. Bi Spea, samahani, lakini kuanzia Ijumaa wewe si bosi wangu tena.

Mwaka jana binti yake, ambaye ni rubani, aliruka na abiria sita saa saba mchana wa jua kali. Ndege ilikuwa ndiyo kwanza imenyanyuka pale injini ya kulia ilipokata. Njia ya kurukia ilikuwa imeshaishia nyuma yao. Binti alivuta nyuma vishikio vya injini zote mbili kuziondolea nguvu, ile mbovu na ile nzima, akainamisha pua na kutua mbele yake moja kwa moja, katikati ya shamba la mahindi. Bawa lilivunjika, magurudumu yaling'oka, mahindi yakaisha. Watu wote saba walitoka kwa miguu yao, na abiria mmoja alirudi ndani kufuata kofia.

Mwenye kampuni hakufurahi. Alisema rubani alikuwa na injini nzima, angezunguka akarudi uwanjani kama mtu mwenye akili zake, badala ya kumgeuzia ndege yake kuwa chuma chakavu. Akamsimamisha kazi na kuandika barua kuomba anyang'anywe leseni. Kwa hiyo swali likawa mezani kwetu: binti alikuwa sahihi, au aliharibu ndege ya watu kwa woga? Jibu moja lingemrudisha angani, jingine lingemaliza urubani wake.

Asubuhi ile barua ilipotufikia, Bi Spea alirudisha funguo za chumba cha mabaki, akakabidhi faili tupu kwangu mimi, niliyefundishwa kazi naye, akahamia kwenye kachumba kando ya stoo. Hakutaka hata harufu ya uchunguzi ule. Akitaka kupita koridoni alikuwa anakohoa kutoka mbali ili tufiche karatasi. Kantini akitukuta tunaongea alikuwa akisema, “Endeleeni, mimi napita tu,” huku ameziba masikio. Siku moja aliyaziba akiwa ameshika sinia, na chai yote ikaniishia mimi shatini.

Hayo ni ya ofisini. Nyumbani palikuwa na sinema kamili, kwa maana binti anakaa na wazazi wake. Mama, mchana kutwa mchunguzi, aliapa kwamba hatasikia neno hata moja kuhusu siku ile mpaka ripoti itiwe sahihi, asije akamtia binti maneno mdomoni au akatiwa yeye. Binti akifungua tu kinywa mezani, “Mama, unajua siku ile mimi…” mama anainuka kufungulia bomba. Akirudia, mama anawasha redio. Akimfuata hadi bafuni, mama anaanza kuimba, na wanaomjua wanajua kwamba kuimba si kipaji chake. Ikafika mahali binti akawa anamsimulia baba.

Mume wa Bi Spea ni fundi cherehani, mtu mwema ambaye hajawahi kutunza siri hata ya zawadi ya sikukuu. Sasa akawa anajua kila kitu, na mke wake hataki kujua chochote. Aligundua dawa yake mwenyewe: mke akiingia, yeye anajaza pini mdomoni na kujifanya anapinda suruali. Wateja wanasema kwa miezi ile yote suruali zao zilirudi fupi. Nilipokwenda kuchukua ya kwangu alinikodolea macho kwa muda mrefu, jasho likimtoka, na mimi nikakimbia kabla hajazitema.

Lakini tuliocheka tulikuwa tunaona pia mengine. Binti alikonda. Alikuwa anatimiza wajibu wake wa kuhojiwa na sisi, anajibu vizuri, kisha anaangalia mlango wa kile kachumba kando ya stoo. Mtu pekee aliyetaka amsikilize alikuwa ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa. Na mama naye aliacha kula kantini. Iliniuma kuwaona hivyo, na nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko zote nilizowahi kufanya, maana nilijua kama ningempendelea, Bi Spea angekuwa wa kwanza kulibaini na wa mwisho kunisamehe.

Injini ya kulia ilikuwa imepasuka bomba la mafuta, na hilo halikumhusu rubani. Kilichobaki ni lile la kuzunguka na kurudi. Tulichukua uzito wa siku ile, joto la siku ile na mwendo wa siku ile, tukaviweka kwenye mashine ya kufundishia marubani, ile inayoyumba bila kutoka chumbani. Tukawaita marubani wakongwe wajaribu kurudi uwanjani kwa injini moja. Mmoja baada ya mwingine wakapinduka chali. Rubani mkuu wa kampuni ile alisema hao hawajui kazi, akaingia mwenyewe. Akapinduka. Akaomba tena, akapinduka upande ule ule. Mara ya tatu alitoka shati limemganda mgongoni, akakaa kwenye ngazi, akaomba maji. Kesho yake kampuni iliondoa barua yake.

Ripoti ilisema alichofanya rubani ndicho pekee kilichowabakiza hai watu saba. Mkurugenzi alitia sahihi, nami nikaipeleka kachumbani nikikimbia, nikiwa nimejiandalia hotuba fupi. Bi Spea hakuifungua. Aliniuliza kama imeshatiwa sahihi, nikasema imeshatiwa. Akaomba ruhusa ya nusu siku, kitu ambacho hakuwahi kukiomba, hata afisa utumishi akalazimika kuuliza kinaandikwaje kwenye faili lake, akaondoka na kuuacha mkoba mezani.

Yaliyotokea nyumbani nimesimuliwa na binti, na fundi cherehani ameyathibitisha kwa furaha kubwa bila kuulizwa. Binti alikuwa uani anafua. Mama aliingia, akageuza ndoo, akaikalia, akasema, “Haya, mwanangu. Nipe yote.” Binti alianza na mwendo, na mguu, na mkono ulikuwa wapi, kama alivyojua mama angetaka. Mama akamkatisha.

“Hayo nitayasoma. Uliogopa?”

“Niliogopa, mama. Nilikuwa nataka kugeuka nirudi, kila mtu angegeuka. Halafu nikakumbuka kwamba tukianguka, simu ya ajali inapigwa nyumbani kwetu. Ungeipokea wewe. Ungekuja wewe. Nikasema hapana, huyu simfanyii hivyo. Nikavuta zote mbili.”

Mama huyu, aliyesimama juu ya mabaki mangapi na hakuwahi kulia mbele yetu, alilia mpaka maji ya nguo yakapoa. Kisha wakacheka, maana baba alikuwa amesimama mlangoni akirudia, “Mimi nilijua! Mimi nilijua siku zote!”

Bi Spea, wapo watu wanaotembea leo kwa sababu yako na hawalijui jina lako, lile la kwenye hati wala hili letu. Tunakushukuru kwa niaba yao. Binti yako amesharudi kazini, na kuanzia Jumamosi simu ya ajali itahamia kitandani kwangu. Nitaipokea kama ulivyonifunza, na nitakwenda kwa wafiwa mwenyewe, na leso nitajinunulia. Wewe nenda kapumzike, mama yetu, ule, ulale, unenepe. Na kila jioni simu yako ikilia, iwe ni yeye, anakuambia ameshatua.