Mama Maktaba, na Mama Niliyempandisha Treni kwa Makosa

Mimi fundi wa kujalidi vitabu, mnayeniita Mzee Gundi, nina miaka sabini na minane. Nimeona wakurugenzi sita wakija na kuondoka, mashine mbili za kukatia karatasi zimenifia mikononi, na daktari aliyenionya kwamba gundi itaniua ametangulia yeye. Sasa nani mwingine aandike wasifu huu? Karani amechapa tu. Maneno ni yangu.

Mkutubi wetu, Mama Maktaba, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na minne. Alikuja na watoto wanne, wa mwisho yuko mgongoni. Kazi ya kadi za vitabu nilimfundisha mimi, ingawa yeye husema alitoka nayo chuoni. Alikuta vitabu elfu mbili, anaacha elfu kumi na moja. Kilichopotea ni kimoja, na alikiazima mkurugenzi.

Nusu saa ya mchana ilikuwa yake. Alijifungia stoo na riwaya za zamani, na wanawe walijua kwamba hata nyumba ikiungua, wasubiri mpaka saa saba na nusu. Alilalamika kwamba katika riwaya hizo mama ana njia tatu tu: afe mapema ili mtoto ahurumiwe, akimbie kisha afe kwa aibu, au abaki nyumbani mpaka asahau alikuwa nani.

"Kurasa mia nne," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyekunywa chai yake ikiwa ya moto."

Hapa niseme jambo ambalo mwingine angelificha. Niliwahi kujalidi upya riwaya mbili za kimo kimoja, kurasa za mwisho zikabadilishana. Katika moja, mke aliyechoka anawaacha mume na mabinti wawili, anapanda treni. Katika nyingine, mama mtulivu analea mapacha mpaka mwisho. Baada ya kupita kwangu, yule mtoro akajikuta anawalisha mapacha uji, na yule mtulivu, bila kumuaga mtu, yumo ndani ya treni. Miaka sita hakuna aliyeuliza. Mwalimu mmoja aliisifu ya kwanza kwa maadili. Ya pili haikukaa rafuni. Kina mama waliipangia foleni.

Mama Maktaba alipogundua, alinifuata karakana. Nikamwambia mwandishi ndivyo alivyotaka.

"Mzee," akasema, "ameacha mabinti wawili, amerudi ana mapacha wa kiume na mume mwingine. Hata uzazi una utaratibu wake."

Nikarekebisha. Mshona nguo wa jirani, alipoazima tena ile ya pili akakuta mama hapandi treni, alikuja juu, akadai arudishiwe mwisho wake. Kutokana na ugomvi huo ukazaliwa mjadala wa kila Alhamisi saa tisa, wenye kina mama ishirini na mzee mmoja wa posta anayedai alipotea njia. Bila mimi usingekuwepo.

Mwezi uliopita mwanawe mkubwa alikuja na mkewe. Chumba kilikuwa tayari: mama ahamie kwao, alee wajukuu watatu kutwa, na Alhamisi basi. Akaniomba nimsaidie kumshawishi, nikakubali. Hata katika wasifu huu niliandika kwamba sasa anakwenda kuanza kazi yake halisi. Waliporudi kusikia jibu, Mama Maktaba aliusoma mbele yetu, akaikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, bila hasira, kama anavyokata jina la mtu aliyerudisha kitabu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Baba, nimewalea wanne bila likizo, wala sijuti. Wajukuu nawapenda. Waleteni Jumamosi asubuhi, mje kuwachukua Jumamosi hiyo hiyo."

Nikamwambia karani auchape upya, bila sentensi ile.

Basi anastaafu kazi, hastaafu kusoma. Nimemjalidia daftari tupu la kurasa mia mbili, maana anasema kuna mama mmoja anataka kumwandika mwenyewe, na huyo hafi.

Mama Maktaba, asante kwa miaka yote. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na mtu wa kukuita.

Anayedhani natia chumvi amuulize karani, aliyekuwepo. Amuulize mkwe wa Mama Maktaba, aliyecheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Mwanawe naye anaweza kuulizwa, ila apewe wiki mbili tatu kwanza.