Mwalimu Maeng Sun-rye, Aliyewashikisha Penseli Watoto wa Sangju

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu wa pande zote mbili, na nyinyi wanafunzi wa marehemu ambao wengine mmeshapata wajukuu, mimi ni mtoto wa kaka yake, nimesimama hapa kwa niaba ya familia.

Mwalimu Maeng Sun-rye alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, nje kidogo ya mji huu wa Sangju, binti pekee wa wakulima wa matunda ya kaki, akasoma hapa hapa, kisha akahitimu chuo cha ualimu huko Daegu mwaka 1969.

Tangu mwaka huo hadi alipostaafu Agosti 2011 alifundisha darasa la kwanza tu, na kila alipopewa wakubwa alikataa, akisema samaki mkunje angali mbichi. Alimpa mtoto punje ya soya aibane kwa kidole cha mwisho na cha pete, vidole vitatu vilivyobaki vikaizoea penseli vyenyewe, naye akasimama nyuma yake, kiganja chake kimeufunika mkono ule mdogo. Hata posta, akimwona mtu mzima kakamata kalamu kama mpini wa jembe, alimrekebisha papo hapo kwenye foleni, na wapo humu waliorekebishwa, msijifiche.

Tarehe 12 Mei 1974 alifunga ndoa na marehemu Tak Jong-gu, karani wa reli, wakajaliwa mtoto mmoja, Yeon-su, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1977.

Yeon-su alikuwa wa mkono wa kushoto, na kabla hajajua herufi alishachora kuku na paka nyuma ya kalenda zote za nyumba ile. Siku moja mezani mama mkwe wa Mwalimu akatupa neno, "Wa wenzio unawanyoosha, wako anakula kwa kushoto! Watasema hakufundwa kwao." Majira yote ya baridi Mwalimu alimvisha mwanawe soksi mkono wa kushoto wakati wa kuandika, akaufunga kwa uzi, na alifanya hivyo kwa mapenzi, maana alijua watoto wa namna hiyo walivyochekwa. Mkono wa kulia ukatii, mwandiko ukawa mzuri hata ukabandikwa ukutani shuleni, ila Yeon-su hajachora tena mpaka leo.

Sikukuu ya mavuno ya mwaka 2022, Yeon-su alikuja kutoka Busan na bintiye So-dam, aliyekuwa na miaka minne, na mtoto akalala kifudifudi sakafuni akichora kwa kushoto. Bibi, bila hata kuwaza, akaitoa penseli akaitia mkono wa kulia. "Bibi, mkono huu haujui," mtoto akasema. Yeon-su akatoka jikoni, mikono ingali na unga, akasema, "Mama, mimi mmoja nilitosha," akafungasha mizigo kabla mikate ya mchele haijaiva.

Baada ya hapo Mwalimu alipiga simu mara nyingi, akauliza kama Busan kuna mvua, akakosa pa kuanzia neno lenyewe. Lilimuuma, na sisi tuliokuwa karibu tulimwacha aumie peke yake.

Januari mwaka huu wa 2024 aligundulika na saratani ya kongosho. Siku aliyokuwa bado na sauti aliniambia, "Msamaha nimeuchelewesha mwenyewe, sasa pumzi haitoshi. Mwambie Yeon-su ile soksi ilikuwa kosa. Na mtoto wake aachwe alivyo." Yeon-su alipofika, mama alikuwa hasemi tena, nikamfikishia maneno yale pale kitandani, akaushika mkono wa mama yake, nasi hatujui kama mama alisikia. Alifariki tarehe 14 Aprili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika usiku na mchana, na walimu wenzake wote.

Sasa tutaweka maua. So-dam atatangulia, naye ataweka ua lake kwa mkono wa kushoto. Wazee wetu, tunawaomba kwa heshima, mtu yeyote asimrekebishe.

Mwalimu, weka penseli chini, upumzike.