Vijana Watatu kwa Mpigaji Mmoja

Basi liliondoka uwanjani limejaa kofia za timu na nyuso za msibani. Dale Hruska, aliyetoka Iowa kuja kumtazama mwanawe akirusha mpira, alikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana, ambao kipigo kilikuwa kimewaunganisha.

"Tulitoa mpigaji wetu bora wa besiboli," mzee alisema, "tukapewa vijana watatu. Wawili wameshaacha mchezo. Wa tatu ndiye huyu wa leo, mwenye bega bovu."

"Leo unajua, baba," mama aliye kando yake akamjibu. "Siku ile tulishangilia wote. Timu inajengwa upya, tuvumilie."

"Inajengwa kwa tofali gani?"

"Sasa kijana kosa lake nini? Hakujileta."

"Kosa hana. Mkono pia hana tena."

Kwenye simu, mwanawe Dale alisema kila mara kwamba bega limepona, na Dale aliamini hadi jioni ile alipomwona akirusha.

Mama akageuka. "Wewe unaonaje, kaka?"

Basi likasimama.

"Anajitahidi," Dale alisema, kisha akashuka, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbali.