Dirishani Hakuna Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, ndaga, asanteni kwa kuwa nasi. Leo nasoma taratibu. Mkisikia nasita, mnivumilie.

Tupokigwe wa Ikuti amefariki. Narudia, kwa sababu hata sisi hapa redioni tuliambiwa mara mbili ndiyo tukaelewa. Tupokigwe, yule mliyezoea kumwita Mama Tawi, amefariki.

Jumapili alikuwa kanisani, mstari wa mbele wa kwaya. Jumatatu asubuhi alichuma chai. Saa nne akasema kichwa kinamgonga. Saa saba mchana, njiani kwenda hospitali, akakata roho. Miaka arobaini na mitano tu. Hakuwa mgonjwa! Mume wake, Andongwisye, alipotupigia alisema neno moja: "Hayupo." Tukamuuliza, "Nani hayupo, kaka?" Tukasikia watu wanalia nyuma yake.

Basi leo tumkumbuke. Na ukitaka kumkumbuka Tupokigwe, lazima uanze na baba mkwe wake.

Wasikilizaji wapendwa, wa huku kwetu mnajua. Mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Wakikutana njiani, yeye anaingia migombani mpaka mzee apite. Hazungumzi naye. Jina lake halitaji. Nyumba nyingi siku hizi wamelegeza. Nyumba ya mzee Asajile haikulegeza. Tupokigwe aliolewa pale mwaka themanini na tatu, na tangu siku hiyo jina la mzee halikutoka mdomoni mwake. Akitaka kumsema, alisema "mzee wa nyumba kubwa". Watoto walicheka, yeye anacheka nao, lakini hataji.

Sasa twende mwaka elfu mbili na tano.

Mzee Asajile alikuwa amelazwa Dar es Salaam. Sukari, na kidonda mguuni kisichopona. Andongwisye alikuwa huko anamuuguza. Daktari akasema Ijumaa wanaweza kukisafisha kile kidonda kwa upasuaji, na mguu utabaki. Pesa ilipwe Alhamisi. Ikichelewa, hasemi kitu kuhusu mguu.

Pesa ilikuwepo. Laki nne na nusu, malipo ya pili ya chai, jasho la Tupokigwe mwenyewe. Shida ilikuwa kuifikisha.

Zamani pesa yetu ilisafiri ndani ya mkungu wa ndizi. Unafunga noti kwenye nailoni, unaingiza katikati ya vichane, unampa konda wa basi, unaomba Mungu. Wengine waliomba, na mkungu ukafika mtupu. Lakini wakati huo mabenki mapya yalikuwa yameingia, na kompyuta zimeingia. Ukilipa Tukuyu asubuhi, mchana mtu anatoa Dar. Mzee alishafunguliwa akaunti tawi la karibu na hospitali.

Jumanne jioni Andongwisye alipiga simu dukani kwa Abdala, pale Ikuti. Tupokigwe akaandika namba ya akaunti kwenye daftari la mtoto. Andongwisye akasema, "Subiri mama, sasa andika namba ya tawi." Vocha ikaisha. Simu ikakatika.

Abdala anakumbuka mpaka leo. "Nilimwambia, dada, subiri kesho atapiga tena. Akaniambia, we Abdala, mguu wa mtu unasubiri kesho?"

Jumatano alikuwa wa kwanza kufika benki Tukuyu. Fomu ina kisanduku kimeandikwa namba ya tawi. Akainua macho. Ukutani kuna bango kubwa, namba ya tawi, tarakimu tatu. Akainakili. Kwani benki siyo hii hii?

Wasikilizaji wapendwa, ile ilikuwa namba ya tawi la Tukuyu. Na enzi hizo akaunti moja ya Dar na moja ya Tukuyu ziliweza kuwa na namba ile ile. Kilichozitofautisha ni namba ya tawi. Tena nasema: kilichozitofautisha ni namba ya tawi.

Lakini bado kulikuwa na kinga moja. Jina. Karani anamuuliza mtumaji jina la mpokeaji, analilinganisha na lililo kwenye kompyuta.

Pale kwenye jina, Tupokigwe alikuwa ameandika BABA MKWE.

Karani alikuwa binti wa pale mjini, Shamsia. Akacheka. "Mama, baba mkwe ndiyo jina?"

"Ndiyo huyo huyo, mwanangu."

"Ana jina lake, mama. Nitajie."

Tupokigwe akaangalia chini. Nyuma foleni ya siku ya malipo ya chai ilikuwa mpaka barazani. Mzee mmoja akapaza sauti, "Huyo mama anaolewa dirishani hapo au vipi?" Watu wakaangua kicheko. Shamsia akaingiza namba, jina akaliacha bila kulilinganisha. Kompyuta ikakubali. Akagonga muhuri.

Alhamisi jioni, simu dukani kwa Abdala. Andongwisye anapiga kelele. "Mama, pesa iko wapi? Huku hakuna kitu!"

Tupokigwe hakulala. Ijumaa, milango ya benki inafunguliwa, yeye yuko pale, gauni limelowa umande mpaka magotini. Meneja, Bwana Obed, akamwita ofisini, mlango ukabaki wazi.

"Mama, pesa imeingia kwa mtu. Ili niizuie, nitajie uliyetaka kumtumia."

Tupokigwe akaisukuma risiti yake mezani.

"Mama, dakika zinakwenda."

Jirani yake wa Ikuti, Hosea, alikuwa kwenye foleni. Akachungulia mlangoni. "Bosi, ngoja nikutajie mimi, huyo ni mkwe, hawezi."

"Wewe ndiye uliyetuma?"

"Hapana."

"Basi rudi kwenye mstari. Aliyetuma ndiye anataja."

Hosea anatuambia aliona Tupokigwe anafumba macho. Halafu akasema. Akalisema lote, jina na ukoo, kwa sauti ambayo hata walinzi wa nje walisikia.

"Asajile Mwakajila."

Akakaa chini, sakafuni, akafunika kichwa na kanga. Wanawake wa Ikuti waliokuwa kwenye foleni walishika midomo. Mmoja alitoka nje kabisa.

Meneja akaangalia kompyuta. "Mama, hapa panasoma Lusungu."

Lusungu ni mfanyabiashara wa ndizi, Mpuguso. Aliona pesa imeingia, akadhani mteja wake wa Dar amelipa deni. Alhamisi asubuhi aliitoa yote, akanunua bati. Siyo mwizi. Alipoelezwa, aliuza ng'ombe wake siku hiyo hiyo. "Nililia," anasema. "Bati ziko juu ya nyumba, mguu wa mtu uko hospitali."

Lakini ng'ombe kuuzwa, pesa kuhesabiwa, wikiendi ikapita. Pesa ilitumwa upya Jumatatu, kwa namba ya tawi la Dar. Mchana huo huo ikafika. Jumanne daktari alipofunua kile kidonda, akatikisa kichwa. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Wasikilizaji wapendwa, siku nne.

Mama mkwe, bibi Tulinagwe, hakuficha. "Nilimkasirikia kwa mguu, na nilimkasirikia kwa jina. Nikasema huyu kaharibu vyote viwili. Usiku nikajiuliza, ningekuwa mimi pale, ningefanyaje? Asubuhi nikampelekea maziwa."

Mzee alirudi na magongo. Tupokigwe alikaa jikoni siku tatu, hatoki mpaka mzee aingie ndani. Siku ya nne mzee akasimama nyuma ya jiko, akaongea na mke wake kwa sauti kubwa kuliko kawaida, ili yule wa ndani asikie.

"Mama Andongwisye! Mwambie mkweo mguu ulikuwa wangu. Asiulilie yeye."

Mwezi uliofuata, Tupokigwe alisimama kwenye kibanda cha kupimia chai, akaanza kuwafundisha watu kutuma pesa. Ikuti, Mpuguso, akafika mpaka Kinyala kwa miguu. Alikuwa na fomu za benki kwenye mfuko wa nailoni. "Namba ya tawi ni ya anayepokea, siyo ya hapa uliposimama. Simu ikikatika, ngoja ipigwe tena. Na jina utaje. Nyumbani mheshimu mkweo. Dirishani hakuna mkwe." Wanawake walimcheka, "We Mama Tawi, wewe ulishazoea kutaja!" Anawajibu, "Nimetaja mara moja, na nililipa mguu. Wewe taja bure." Kwa miaka minne. Hakulipwa na mtu.

Juzi tumemzika. Mzee Asajile, miaka themanini na nane, alikaa mbali kwenye migomba kama mila inavyotaka. Jeneza likitolewa, akaomba lipitishwe kwake, lifunguliwe. Wazee wakashtuka. "Mzee, huyo ni mkweo!" Akasema, "Najua ni nani." Wakafungua. Akaegemea gongo, akaangalia. Akaangalia muda mrefu. Kisha akamgeukia Andongwisye.

"Miaka ishirini na sita amenipikia. Kumbe alikuwa na kovu hapa kwenye nyusi. Alilipata wapi?"

Andongwisye akamshika mkono, wakarudi migombani.

Pole kwako Andongwisye, na wanao wanne. Pole bibi Tulinagwe. Pole mzee wetu Asajile. Pole wana Ikuti wote mliokuwa mnamwona kila siku ya malipo na mfuko wake wa nailoni. Mungu ampumzishe.

Na wewe unayesikiliza, unayetuma pesa wiki hii kwa mgonjwa au kwa mwanafunzi, usione haya kuuliza. Tawi lipi, namba ipi, jina lipi kamili. Halafu ukimaliza, zima redio. Waangalie watu wa nyumba yako usoni, wakiwa bado wanakuangalia.