Dada Yetu, Waliyemwita Mama Huruma

Ndugu waombolezaji, nanyi wakubwa wa chuo mliowahi viti vya mbele: dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ni kitinda mimba. Alinibeba mgongoni, kwa hiyo leo nitasema.

Alimaliza sekondari mwaka 1981, akawa wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Alipoanza kusomea udaktari wa uzamivu katika utafiti wa tiba, wenzake walipewa vijidudu wavichunguze. Yeye alipewa chupa aoshe, mwaka mzima. Alipouliza, profesa wake alimjibu, "Watu wa kwenu mna mikono mizuri ya kazi." Alihitimu mwaka 1994 hivyo hivyo. Profesa huyo hata jina simjui, na sijapungukiwa na kitu.

Tarehe 2 Desemba 1995 aliolewa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, aliyeitwa maabara kutengeneza jokofu moja akalitengeneza wiki tatu. Sisi tulijua lilipona siku ya kwanza. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2008, akiwa mhadhiri chuoni hapo, alianzisha mpango wa kuwalea wanafunzi wa udaktari ambao chuo kilizoea kuwaona wakiishia getini: watoto wa wafagiaji, wenye ulemavu, waliotoka kusikofika umeme. Aliona kinachowaangusha si kutojua, ni hofu. Mtoto wa mkubwa akiharibu sampuli, ni bahati mbaya, wao wakiharibu, "Si tulisema?" Basi kila mgeni, siku ya kwanza, alimkabidhi sahani ya bakteria aliowakuza mwenyewe, akamwamuru aimwagie dawa awaue wote. Yupo aliyelia. Naye dada alimwambia kila mmoja, "Haya, umeshaharibu, na jengo bado limesimama. Tuanze kazi."

Ofisi za juu zikambandika jina, Mama Huruma. Ilikuwa kejeli, msijifanye mmesahau. Naye aliwajibu, "Huruma nawapa nyinyi. Hawa nawapa kazi." Lakini picha zao mlizipenda, jamani! Kwenye kijitabu cha kutangaza chuo yupo binti wa muuza mkaa, koti jeupe la kuazima, kasimama mbele ya mashine ambayo mlimkataza kuigusa. Aliyebuni ukurasa ule alipandishwa cheo.

Figo zilianza kumsumbua dada Februari 2023. Wiki aliyolazwa, mkuu wa idara aliufunga mpango, akamwambia binti huyo wa muuza mkaa, aliyebakiza sura moja tu ya tasnifu, akatafute kozi nyepesi. Hospitali hakukanyaga, wala chungwa hakutuma. Binti alikuja kila jioni, akimsomea dada sura hiyo kitandani, kuhusu vidonda vya wagonjwa wa kisukari visivyosikia dawa. Dada, pumzi yenyewe ya kuokoteza, alimkatiza: "Hapo unaomba radhi. Futa. Sema ulichokiona." Sura iliisha. Binti aliipeleka idarani. Mkuu akakataa kuipokea, eti hana nafasi ya kumsikiliza.

Dada alifariki asubuhi ya tarehe 21 Agosti 2024, shemeji akiwa amemshika mkono. Inaniuma, na sitaificha.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake wanne, madaktari kumi na mmoja waliopita mikononi mwake, na binti mmoja ambaye bado hajapita.

Ratiba inasema sasa ni salamu za chuo. Naona mkuu wa idara ameshasimama na karatasi yake. Kaa, mzee. Marehemu aliagiza dakika hizo apewe binti, atueleze alichogundua. Ulisema huna nafasi ya kumsikiliza. Leo kiti unacho, na jeneza liko kati yako na mlango.

Dada, pumzika kwa amani, umefanya kazi. Binti, njoo mbele. Na usiombe radhi.