Kikohozi cha Mpiga Gitaa

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho ndani ya basi, ila masikio kayaacha wazi. Mbele yake kijana aliyepakata jalada la albamu ya zamani alimweleza mama mshonaji, ambaye hata hawajuani, kwamba yeye na dada yake wanaitoa upya, muziki ukuzunguke sebuleni kwa spika tano.

“Tano? Mwanangu, mimi ninazo mbili, na moja nimeiwekea ua.”

“Hiyo shida moja, mama. Nyingine, bendi nzima ilirekodi kwa maikrofoni moja. Nikimvuta mpiga gitaa aje kushoto, anakuja na kikohozi chake.”

“Kile cha kabla ya kiitikio?”

“Kumbe unakijua! Nimehangaika nacho weee, jana ndiyo nimefanikiwa kukifuta.”

Mama akamtazama kama mtu aliyefutiwa picha za harusi. “Sisi tulikuwa tunakisubiri hicho ndipo tuinuke kucheza. Sasa tutainuka saa ngapi?”

Muuguzi, pamoja na usingizi wake wote, akacheka.

Basi likasimama. Dereva akakohoa, na mama, mguu mmoja tayari ngazini, akatikisa mabega.