Neno "Kimya" na Mchele wa Bwana Sumaili

Miaka ishirini na minne na miezi tisa: huo ndio muda ambao Bwana Sumaili Ramazani ameitumikia karakana yetu ya redio hapa Kasongo. Tarehe 31 Desemba 1958 atalitundika koti lake la kazi msumarini, na kesho yake hatakuja kulitwaa. Sisi tuliozoea kumkuta kazini kabla yetu tutalazimika sasa kutafuta ufunguo.

Alianza Machi 1934 akiwa mbeba betri wa kituo cha simu ya upepo, ambamo karakana yetu ilianzia. Tindikali ilitoboa suruali yake ya kwanza, ikatoboa na ya pili, na mkewe, Mama Mwanvua, akaapa kwamba ya tatu hashoni. Ndipo akaomba kazi ya mezani. Mpaka leo husema kwamba ufundi wake ameupata kwa hasira za mke.

Msomaji asiyetujua na aelewe kwamba mashine tunazotengeneza ni kuukuu. Wazungu wanaorudi kwao huziuza, watu wa hapa huzinunua, na baada ya muda zinanguruma. Mara nyingi ugonjwa uko pale umeme wa jenereta unapoingia. Kuna kikopo, kondansatere, kilichowekwa kuusafisha umeme huo. Kikikaushwa na joto, msomaji wa habari husikika kama amekaa ndani ya mzinga wa nyuki. Kuutibu ugonjwa huo ndiyo ilikuwa kazi ya Bwana Sumaili. Mafundi wengine hupima redio kwa kuipandisha sauti. Yeye alikuwa akiishusha mpaka mwisho, akiinamisha sikio na kusikiliza kama kuna kitu kimebaki. Akiridhika, alichukua kalamu ya buluu na kuandika neno moja kwenye karatasi ya mashine: KIMYA. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuliandika, hata msimamizi wetu.

Mzee Abdallah wa dukani alimkuta siku moja ameilalia redio yake isiyotoa hata mnong'ono. Akashika kichwa, akalia: "Sumaili, redio yangu umeiua!" Jirani zake wa sokoni hawajaacha kumkumbusha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Bwana Sumaili mwenyewe amenitaka niliandike, bila kulipamba. Julai 1956 amplifikatere moja, mashine ya kukuza sauti, ilirudi kutoka Kabambare ikiwa na neno KIMYA limening'inia. Mwenye mashine, Bibi Marie-Louise, anayefundisha wanawake kushona na kuwapigia santuri wakiwa kazini, alituma na barua fupi: "Papa Sumaili, kimya yako iko na makelele."

Sisi tulikuwa na majibu tayari. Mimi, karani, nilikwisha kuanza kuandika kwamba kosa ni la barabara, au la jenereta ya Kabambare. Bwana Sumaili akanishika mkono. Akasema mbele yetu sote, na mbele ya msimamizi, kwamba tangu homa ya Januari masikio yake hayasikii tena mngurumo. Maneno ya watu anayasikia, mngurumo hausikii. Miezi sita alikuwa akiandika KIMYA kwa kubahatisha. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema, kisha akavua koti, akalikunja, akaliweka mezani kwa msimamizi. Alijua anaweka na kazi yake. Nilitazama chini, kwa aibu ya barua yangu.

Msimamizi hakulichukua koti. Alimpa juma moja airekebishe mashine ile, akishindwa, basi. Bwana Sumaili akapanda nayo lori la pamba kwenda Kabambare, maana alitaka kuomba radhi kwa mdomo wake.

Huko alibadilisha kikopo, akauliza, akaambiwa bado inanguruma. Akachoka kuuliza. Wanawake walikuwa wakichagua mchele kwa chakula cha mchana. Akachota chenga kidogo, akailaza spika chali, akazinyunyiza juu ya ile karatasi ya spika inayotoa sauti. Sauti ilikuwa imeshushwa mpaka mwisho, na chenga zilikuwa zinatetemeka! Mngurumo asiousikia, sasa anauona. Akauhamisha waya wa ardhini, zikatetemeka kidogo tu. Akautenga waya wa taa za ndani na nyaya za sauti, zikatulia. Hapo hakumuuliza mtu. Ni Bibi Marie-Louise aliyetangulia kusema: "Sasa iko kimya kweli, Papa."

Alirudi Kasongo na kopo la chenga, na miaka miwili na nusu iliyofuata haikurudi mashine hata moja. Kwanza aliziita tena zile zote za miezi sita, akazipima upya, akakuta tatu mbovu. Kuku wa jirani nao waliijua njia ya karakana yetu, na Mama Mwanvua akajua mchele wake unakokwenda.

Zawadi yetu ya kumuaga ni redio kuukuu, tuliyoitengeneza kwa siri wakati akiwa msikitini Ijumaa. Tumeandika KIMYA kwa kalamu yake ya buluu. Anatujua na tunamjua: kwenye sherehe, kabla ya kusema asante, atatoa kopo mfukoni. Tuliapa kwamba chembe moja ikitetemeka, anarudi mezani kesho yake na sherehe inavunjwa.

Nakiri kwamba jana, nikiwa peke yangu na redio ile, nilishika bisibisi na kuutazama waya wa ardhini. Kuulegeza nusu mzunguko tu kungetosha kumbakiza nasi.

Sikuulegeza. Bwana Sumaili, asante kwa mkono ulionizuia kuandika uongo. Nenda ukapumzike na Mama Mwanvua, maisha yenu yawe mema na marefu. Nyunyiza mchele wako bila wasiwasi, utatulia.

Emile Lubunga, karani wa karakana